Nishikie Kibanio

Mvua ya Temuco haina adabu, haipigi hodi.
Huingia na watoto saa ya mapumziko,
viatu vikitema maji juu ya sakafu niliyoipiga deki.
Miaka kumi na tisa nimesimama nyuma ya dirisha hili
nikiuza biskuti za krimu, soda, chipsi za pakiti,
na zile peremende zinazogeuza ulimi samawati.
Nilijua nani ana sarafu
na nani ana macho tu.

Kisha sheria ikaja na pembe zake nane nyeusi.
SUKARI NYINGI. CHUMVI NYINGI. MAFUTA MENGI.
Muhuri juu ya boksi kama tangazo la msiba,
na sungura aliyekuwa akitukonyeza kwenye nafaka za asubuhi
akaondoka bila kuaga.
Mkaguzi, kijana Paillalef, koti limelowa chapa,
alipita rafu kwa rafu na kalamu yake:
hiki hapana, hiki hapana, na hiki pia, mama, hapana.
Nikamuuliza: na kodi ya kibanda, ina mihuri mingapi?
Akacheka. Kisha akaona sicheki.

Nilimkaanga wiki nzima
kwa mafuta yale yale aliyoyapiga marufuku.
Tufaha halilipi deni.
Tufaha huoza; biskuti hungoja mteja mpaka Pasaka nyingine.
Na nje ya geti yule wa toroli aliendelea na maandazi yake ya boga,
moshi ukipanda mbele ya macho ya serikali,
maana sheria huishia lango linapoishia.
Hatua kumi na mbili. Nimezipima mwenyewe, kwa hasira.

Lakini kuna jambo sijamwambia mtu.

Kabla ya mihuri kulikuwa na mizani.
Kila Machi muuguzi aliiweka hapa, mbele ya kibanda,
kwa kuwa hapa ndipo sakafu ilipo tambarare,
na darasa zima la nne likapanga foleni kwa soksi.
Alisoma namba kwa sauti ili msaidizi aandike.
Rayén Curiqueo, miaka tisa,
alivua koti, akavua sweta,
akavua hata kibanio cha nywele
akakiweka juu ya kaunta yangu:
"Nishikie, shangazi,"
kana kwamba hicho ndicho kilichokuwa kizito.

Namba ikasomwa.
Mmoja akacheka, kisha korido.

Kengele ilipolia alirudi, hakuulizia kibanio.
Alinunua biskuti mbili
nami nikampa ya tatu bure,
kwa kuwa nilimpenda,
kwa kuwa sikuwa na kingine cha kumpa.
Ndivyo ilivyokuwa huruma yangu:
ya krimu, imefungwa kwa plastiki.

Sasa mizani imehamia kwa muuguzi, na mlango hufungwa.
Sasa kinachosimamishwa mbele ya watu ni boksi,
namba zake zasomwa kwa sauti,
na muhuri haubandikwi mtoto.
Hilo, kijana Paillalef, sikukwambia ulipokuja mara ya pili.
Nilikuuzia yai la kuchemsha
nikakurudishia chenji pungufu.

Nimeanza kuuza unga wa ngano ya kukaanga
uliokorogwa kwa maji baridi, glasi kubwa,
kama alivyobeba mama yangu akienda kuvuna:
bila sukari. Sheria haitaki,
na mama naye hakuwa nayo.
Jumatatu niliuza glasi nne.
Ijumaa kumi na moja, mbili kati yake kwa mwalimu wa hesabu
ambaye mpaka leo hajalipa.
Faida? Usiniulize faida.

Jana alikuja mvulana mdogo, pua inachuruzika,
akauliza, kipi hapa hakina nyeusi.
Dada yake alimngoja mlangoni, mrefu sasa,
nywele zimemwangukia usoni.

Nilifungua droo ya chenji.
Kidole kikakigusa, kama kila siku kinavyokigusa,
katikati ya sarafu za peso kumi.
Nikampa mdogo tufaha.
Droo nikaifunga polepole.